Kilima cha Baba na Wiki Zangu Mbili

Chini ya kitanda cha wazazi wangu, katika nyumba yetu ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, pale Kaloleni, Nairobi, kulikuwa na madebe mawili ya mawe meusi. Mamangu alifagia kuyazunguka. Vikombe vyetu vyote vilikuwa na mistari myeusi chini ya kitako, kwa sababu babangu alipoleta jiwe jipya alilisugua pale ambapo kikombe hakina rangi wala mng'aro, aone linaacha alama gani. Likiacha mstari mweusi kama masizi, alishinda na furaha siku nzima. Likiacha wa kahawia, alilitupa nje, na wadogo zangu wakaliokota kuwekea goli uwanjani.

Babangu alifanya kazi katika karakana ya reli, lakini ukimwuliza yeye ni nani, angekwambia kwanza kwamba ana kilima. Si shamba, kilima. Kilikuwa Ukambani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ndogo ambapo treni ilisimama shingo upande. Alikijua tangu ujana wake, alipokuwa katika genge la kutengeneza njia ya reli. Mzungu mmoja alikuwa amechimba pale wakati wa vita vya pili, akitafuta manganizi, madini yanayotiwa katika chuma cha pua na katika betri za tochi. Vita vilipokwisha mzungu akaenda zake, akaacha mtaro, kibanda cha mabati na toroli lisilo na gurudumu. Baada ya Uhuru babangu akaenda kuandikisha kitalu kile cha machimbo kwa jina lake, akasimamisha vigingi vinne pembeni na kibao katikati. Likizo ikifika, wenzake waliotoka Magharibi kama sisi walipanda treni ya Kisumu kwenda nyumbani. Yeye alipanda ya Mombasa, akashuka njiani, akaenda kufyeka nyasi kuzunguka vigingi vyake.

Ndugu zake walisema amerogwa. Mimi sikusema kitu, maana labda nami nilikuwa nimerogwa. Nilikuwa kifungua mimba wake, nilipewa jina la mamake, na kwa hiyo tangu utotoni aliniita "mama." Nilipomaliza shule nikapata kazi ya usaidizi katika maabara moja ya serikali, mahali ambapo mawe ya watu husagwa na kupimwa. Siku nilipomwambia, alinishika mkono kama anavyosalimiwa mwanamume, akasema Mungu si Athumani. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, na mimi nilikuwa msichana mwenye hasira za karibu na kichwa kikubwa kuliko mshahara wangu.

Mwaka huo babangu alikuwa anastaafu. Mipango yake aliitangaza mezani, kati ya sukuma na ugali: mwisho wa mwezi atarudisha funguo za nyumba kwa kanjo, kisha sote tutahamia kilimani kuchimba. Nyumba alikuwa ameshamwahidi rafiki yake wa karakana, aliyekuwa akiishi mtaa wa Mbotela na mkewe na watoto sita katika chumba kimoja. Kwa maelewano ya siku zile, mpangaji anayeondoka aliweza kumsemea mtu kwa karani wa nyumba. Lakini ukisharudisha funguo umerudisha. Watu waliosubiri nyumba kama ile walikuwa wengi mno, na familia iliyotoka Kaloleni haikuota kurudi tena.

"Sasa shule tutaenda wapi?" mdogo wangu aliuliza, babangu alipotoka nje. "Fathee anataka tusome na nyani?"

Mamangu hakupinga. Aliuliza swali moja tu, maji ya huko yako wapi. Babangu akasema yatapatikana. Usiku ule mamangu alikunja nguo zilezile mara tatu, akazirudisha kabatini.

Kilichokuwa kimebaki ni karatasi. Babangu alitaka karatasi ya serikali inayosema mawe yake ni mazuri, na bahati nzuri karatasi zenyewe zilipitia mikononi mwa bintiye. Akanipa mfuko wa sampuli, nikaupeleka kazini na kuuandikisha kama wa mtu mwingine yeyote. Tuliyaponda mawe kwa mashine, tukasaga, tukachekecha mpaka yakawa unga. Unga ule nikaumwaga juu ya karatasi ukawa kichuguu, nikaubonyeza ukawa bapa kama chapati, nikaukata mapande manne, nikachukua mawili yanayotazamana na kutupa mawili. Kisha tena, na tena, hadi kikabaki kijiko kimoja. Kazi hii niliipenda. Ukiifanya kwa uaminifu, kijiko kimoja kinausemea mfuko mzima.

Fomu ilikuwa na mstari unaouliza sampuli ilichukuliwa vipi na kutoka kina gani. Mteja mwingine yeyote ningemwuliza. Huyu alikuwa babangu, na kwetu binti hamhoji babake juu ya kazi yake kana kwamba yeye ndiye nyapara. Nikaandika "kwa mkono," na mahali pa kina nikapiga mstari.

Majibu yalikuwa mazuri, tena mazuri kupita kiasi. Niliyabeba nyumbani ndani ya blauzi ili yasikunjwe kwenye basi. Jumapili baada ya kanisa nyumba ikajaa majirani, chai na mandazi, na mimi nikasimama kuisoma karatasi kwa sauti ya mtu aliyesoma. Babangu akatoa chupa yake ya dawa ya kuoshea vidonda, ile inayotoa povu. Hakuitumia kwa vidonda hata siku moja. Alidondoshea matone machache juu ya jiwe jeusi ndani ya sahani, na jiwe likachemka povu jeupe bila moto. Hivyo ndivyo manganizi nzuri inavyofanya. Watu wakapiga makofi. Rafiki yake wa Mbotela akasimama, akashukuru kwa ajili ya nyumba, akashindwa kumaliza, akaketi. Nilijiona nimemzaa babangu mara ya pili.

Jumatatu mkubwa wangu wa kazi aliniita. Alikuwa mwanajiolojia wa makamo, mtu aliyetembea vilima maisha yake yote, mpole hadi anaudhi. Alikuwa na nakala ya fomu yangu mkononi, na kidole kwenye ule mstari niliopiga.

"Mawe haya ni ya mzee wako," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nimesikia anahama. Kwenye rekodi zetu kuna mzungu aliyechimba kilima kile. Mtaro wake una urefu gani?"

"Baba husema hatua mia na kitu."

"Na kina?"

"Kiunoni. Mahali pengine magotini."

Akatikisa kichwa polepole. "Mtu akipata madini yanayoshuka, hushuka nayo. Huyu alitembea juu ya kilima akikwangua. Kwa nini hakushuka?"

"Vita viliisha."

"Pengine," akasema. "Au madini ndiyo yaliyoisha."

Akafungua kabati, akatoa jiwe lililokatwa katikati kwa msumeno. Juu lilikuwa jeusi, chini lilikuwa la kijivu lenye chembe nyekundu zilizoiva, ndogo kama mtama. Alinieleza taratibu. Mwamba wa vilima kama kile una manganizi, lakini imefungwa ndani ya zile chembe ngumu, ziitwazo ganeti. Mvua na jua vikiupiga mwamba kwa miaka isiyohesabika, chembe za juu huoza, manganizi hutoka, kisha huganda palepale kuwa gamba jeusi. Gamba lile ni safi na zito, na ukilipima utapata kile nilichokipata. Chini yake mwamba ungali mzima. Manganizi iliyomo ndani ya ganeti haina mnunuzi, kwa sababu hakuna anayeweza kuitoa kwa faida.

"Mzee wako amepima utando wa maziwa," akasema. "Labda nakosea. Lakini mwulize aliyachaguaje mawe yale."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hajawahi kukikanyaga kilima kile, atakisemaje akiwa kwenye kiti? Akakubali kwamba ni kweli, kisha akaniuliza kama mimi nimewahi kukikanyaga. Sikuwa nimewahi. Nilitoka ofisini bila kuaga, na nikaponda mawe ya watu siku nzima kama niliyekosana nayo.

Jioni nilimkuta babangu mlangoni, kwenye kigoda. Nikamwuliza, kwa kuzungukazunguka sana, yale mawe aliyonipa aliyaokotaje. Alishangaa kwamba sijui.

"Nilichagua, mama. Kama mbegu."

Kwao, na kwa hiyo kwetu, mbegu ya mahindi haichukuliwi ovyo. Unachagua mahindi manene yaliyojaa, unayaning'iniza jikoni juu ya moshi, na ukifika wakati wa kupanda unaacha punje za ncha na za kitako, unatwaa za katikati tu. Babangu alikuwa ametembea kilima kizima siku mbili, akainua jiwe moja baada ya jingine, akabakisha yale mazito na meusi tititi. Kisha aliyaosha mtoni kule stesheni. Yenye udongo wa kahawia aliyaacha.

"Ulitaka niwapelekee wakubwa wako takataka?" akauliza, akicheka.

Nami nikacheka. Nakumbuka kwamba nilicheka, ingawa nilikuwa nimeshaelewa. Kule maabara nilikuwa nimegawa unga mapande manne, tena na tena, ili kijiko kisiseme uongo, na kumbe uongo ulikwisha kuchaguliwa kilimani kwa heshima zote. Makosa hayakuwa yake. Hakuna aliyemwambia kwamba sampuli si mbegu. Aliyepaswa kumwambia alikuwa mimi.

Sikumwambia. Nilisema nitamwambia kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Niliona aibu, kwa sababu karatasi ile niliisoma mwenyewe mbele ya watu. Niliogopa pia, maana tangu ile Jumapili babangu alikuwa akitembea kama kijana, na majirani waliokuwa wakimtania kwa kilima chake sasa walimwamkia kwanza. Watu walianza kuleta zawadi za kuaga, sufuria, jogoo, panga jipya. Mimi nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asanteni. Wiki mbili zikapita hivyo.

Mamangu ndiye aliyenishika. Alinikuta nikiosha kikombe kimoja muda mrefu sana, akaninyang'anya.

"Una jambo," akasema. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Kama linahusu nyumba hii, funguo zinarudi Jumatatu."

Nilimwambia ninaumwa kichwa. Lakini usiku ule nilimwendea babangu, nikamwomba anipeleke nikaone kilima kabla hatujahama. Nilisema hivyo tu. Alifurahi mno. Ijumaa jioni tulipanda treni, yeye na sururu, mtaimbo na chupa yake ya dawa, mimi na beleshi lililofungwa gunia ili watu wasinitazame.

Kilima chenyewe kilikuwa kizuri, lazima niseme. Kilikuwa kirefu na chembamba, na juu yake mshipi mweusi ulipita kutoka mwisho hadi mwisho, nyasi zikiwa haba pale ulipopita. Ukitembea juu ya mawe yale yalilia kama chuma. Mengine yalikuwa na vinundu laini vilivyoshikana, na ukivishika vidole vinabaki vyeusi. Babangu alinionyesha vigingi vyote vinne, kimoja kimoja, akavipangusa kwa kiganja. Nilielewa kwa nini mtu angeacha kwenda nyumbani kwa ajili ya mahali kama pale.

Nikamwomba tuchimbe ndani ya mtaro wa mzungu, chini kabisa.

"Kwa nini huko? Juu ndiko kuna mali."

"Nataka kuona inaenda wapi, Baba."

Tulichimba. Udongo mweusi ulikuwa laini kama masizi, halafu ukachanganyika na mwekundu, halafu ukawa wa kahawia mtupu. Shimo lilipofika magotini sururu iligonga kitu, ikarudi juu. Nilipangusa kwa mkono. Ulikuwa mwamba wa kijivu wenye mistari, na ndani yake chembe nyekundu kama mtama. Nilizitambua mara moja.

Babangu aliupapasa mwamba. Alitoa chupa yake, akadondoshea jiwe jeusi la juu, likachemka. Akadondoshea mwamba wa chini. Dawa ilikaa pale kama maji. Aliinama karibu, akangoja, akaongeza matone. Kisha akainuka, akahesabu hatua ishirini, akaanza shimo la pili. Matokeo yakawa yaleyale. La tatu alilichimba upande wa pili wa kilima, juani, peke yake, maana sasa hakutaka nimshike mkono. Alipofika kwenye mwamba hakuacha. Alichukua mtaimbo akaanza kuupiga, na kila pigo likamrudia mabegani, mtu wa umri ule, na mimi nimesimama nikimtazama, hasira zikanipanda. Sijui nilimkasirikia nani.

"Baba, wacha!" nilipiga kelele. "Hakuna kitu huko chini! Najua tangu wiki mbili!"

Mtaimbo ulisimama. Aliuegemeza ukingoni mwa shimo kwa uangalifu, kama mtu anayeweka chombo cha kuazima. Alikaa chini, akaokota kipande cha kijivu.

"Hizi nyekundu ni nini?" akauliza.

Nikamweleza yote, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyosikiliza mimi.

"Kwa hiyo ipo," akasema mwishowe.

"Ipo, Baba. Haitoki."

"Na mvua inayoitoa, ni ya miaka mingapi?"

"Mingi kuliko watu walivyokuwepo duniani."

Akacheka kidogo, akasema basi hataweza kuingoja, anastaafu Jumatatu. Mimi nililia. Yeye alijaza yale mashimo matatu, moja moja, ili mbuzi wa watu wasivunjike miguu.

Kwenye treni, Jumamosi alasiri, hakuniita mama. Tulipopita Athi River ndipo aliposema, bila kunitazama, "Jiwe halikunidanganya. Halina mdomo. Wewe unao." Alisema kwa upole, na sijawahi kupigwa maishani mwangu nikaumia hivyo. Nilisema nisamehe, Baba. Akasema amesamehe, lakini kuna mtu mwingine wa kuombwa msamaha, na tutakwenda wote wawili kabla ya kufika nyumbani.

Tulishuka Nairobi, tukaenda kwa miguu moja kwa moja hadi Mbotela, tukiwa weusi mikono hadi viwiko. Rafiki yake alitufungulia akiwa na mtoto begani. Vitu vyao vilikuwa vimefungwa tayari, vimepangwa ukutani hadi dari, na watoto wengine wamekaa juu ya mafurushi. Tulipewa kitanda tukae, kwa kuwa viti vilikuwa vimefungwa kamba.

Babangu hakuzunguka. "Ndugu yangu, nilikupa nyumba ambayo bado naihitaji. Nimekuja kuiomba tena." Kisha akanigeukia. "Mweleze."

Nilimweleza. Nilisema juu ya gamba, na mwamba, na fomu, na kwamba nilikuwa nimejua tangu Jumatatu ya baada ya ile chai. Hilo la mwisho sikuambiwa niliseme. Yule bwana alimhamisha mtoto kutoka bega hili hadi lile.

"Nyumba ni yako, mzee," akasema. "Mtu hafukuzwi kwake. Sisi tumezoea hapa."

Mkewe alikuwa amesimama pembeni. Sasa aliinama, akafungua furushi la juu, akatoa mapazia. Yalikuwa ya kitambaa cha manjano chenye maua ya kahawia, mapya, yamepigwa pindo kwa mkono, mshono mdogomdogo usiokosea.

"Nilikuja kupima madirisha wiki iliyopita, mkiwa kazini," aliniambia. "Mamako alinishikia uzi. Hapa tuna dirisha moja, na ni dogo. Hayatanifaa. Chukueni."

Babangu alikataa mara mbili. Mara ya tatu yule mama aliyaweka magotini mwangu, akanifunga vidole juu yake, ili mikono yangu michafu isiguse upande wa mbele.

Yalitoshea madirisha yetu barabara. Mamangu aliyatundika, nasi tukaishi nayo miaka mingi, hadi manjano ikafifia. Mimi ndiye niliyeyafungua kila asubuhi, na nilijua kila mshono ulishonwa siku gani. Kama ningesema ile Jumatatu, kitambaa kile kingekuwa bado dukani.